Mimi kipanga? Muulizeni muuza ndizi wa Tengeru

Kama u mzima, mshukuru Mungu, maana mwenzako wiki kadhaa zilizopita nilipatwa na ugonjwa ambao hata daktari bingwa asingeujua. Ugonjwa wenyewe ni karatasi. Karatasi moja tu, tena upande mmoja, yenye swali moja: "Kwa nini unastahili kuwa mwanachama wetu? Eleza kwa maneno yasiyozidi 500."

Ngoja nikupe kisa chote kuanzia mwanzo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Arusha, jina kapuni. Chuoni kwetu ipo jumuiya ya wanafunzi waliofaulu sana, na kuingia humo si lelemama. Kwanza uwe na GPA isiyopungua 4.4 kati ya 5, ile ambayo kwa vyuo vikuu vyetu ndiyo daraja la kwanza. Pili uandike barua ya kujieleza. Tatu uitwe mbele ya kamati, wakutazame usoni, wakuulize maswali mpaka jasho likutoke. Ukipita unapewa cheti na beji ya kubandika kifuani, na jina lako linapigwa ubaoni ili hata wale waliokuwa wanakuita mshamba wakusome. Kubwa kuliko yote, ukienda kuomba kazi unakuwa na mstari mmoja wa ziada kwenye wasifu wako. Na nani asiyejua jinsi vijana tunavyouana siku hizi kwa ajili ya huo mstari mmoja?

Matokeo ya mwaka wa pili yalipotoka nikakuta nina 4.6. Lo! Nilipiga yowe hadi rumeti wangu akaruka kitandani akidhani nimeona nyoka. Yeye mwenyewe alikuwa na sapu mbili, lakini roho yake nzuri, akanikumbatia na kusema: "Umekwisha kuwa kipanga, mwenzangu. Sasa ukinunua chipsi usinisahau."

Kwa msomaji ambaye hakupitia bweni, kipanga ni ndege yule anayenyakua vifaranga, lakini shuleni ndiye mwanafunzi anayenyakua maksi. Kinyume chake ni kilaza. Wengi wetu tupo katikati, tunapiga msuli usiku kucha, tunadesa pale tunapozidiwa, na tunamwachia Mungu yanayobaki.

Mambo haya ya jumuiya za vipanga hayakuanzia kwetu. Wamarekani wanayo Phi Beta Kappa, iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo cha William and Mary, kule Virginia, Desemba 1776, mwaka ule ule nchi yao ilipojitangazia uhuru. Ilianza kama jambo la siri, watu wana namna yao ya kushikana mikono. Wanawake walisubiri hadi mwaka 1875 ndipo wakaanza kupokewa. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu miaka mia moja! Wanafunzi wao wa sekondari nao wana National Honor Society tangu mwaka 1921, na huko maksi peke yake hazitoshi. Wanatazama mambo manne: masomo, kuwatumikia wengine, uongozi na tabia.

Sisi hapa Bongo tulikuwa na wetu, "Tanzania One", yule anayeongoza nchi nzima, anapigwa picha na baba yake gazetini, mpaka Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora mwaka 2023. Shule za vipaji maalumu bado tunazo. Ilboru si hiyo hapo, ukipandisha kidogo kuelekea mlimani? Kwa hiyo hamu ya kujua nani wa kwanza ni ugonjwa wa dunia nzima. Jumuiya yetu chuoni nayo imeiga yale mambo manne. Na hilo la nne, tabia, ndilo lililoniweka pabaya.

Basi bwana, usiku ule ule nikakaa kuandika. Barua ya kwanza ilinichukua nusu saa. Mimi ni mchapakazi, mimi ni mwenye maono, mimi tangu utotoni nina kipaji cha uongozi. Rumeti akaisoma, akaning'iniza mdomo, akauliza: "Hii barua ya kuingia jumuiya au unagombea udiwani?" Nikaichana.

Barua ya pili nikaamua kuwapiga na huruma. Nikaeleza maisha yetu kule Akheri, miteremko ya Mlima Meru, mama anakamua ng'ombe mmoja ili tupate ada, mimi nasoma kwa kibatari huku moshi unaniingia machoni. Rumeti alipomaliza kusoma macho yalimlenga machozi. "Hapo umewamaliza! Wasipokuchukua hawana roho."

Tatizo ni kwamba kile kibatari kilizimika nilipokuwa darasa la tano. Baada ya hapo tulikuwa na taa ya sola, tena inawaka vizuri tu. Nilijua nimedanganya kidogo, lakini nikajiambia nani atakwenda Akheri kuuliza habari za kibatari?

Wikiendi nikapanda Hiace ya Usa River, nikashuka Tengeru, nikapandisha nyumbani. Bibi yangu yupo, hajui kusoma vizuri lakini masikio yake ni makali kuliko ya kamati yoyote. Nikamsomea barua ile barazani, kwa sauti ya mtangazaji. Akasikiliza hadi mwisho. Nikangoja anisifu. Bibi akatema mate pembeni, akasema: "Ni nzuri. Lakini mbona yule mwenzako hayumo?"

"Mwenzangu yupi, bibi?"

"Yule aliyekuwa anakuja hapa kukufundisha hesabu. Mlikuwa mnaandika kwa mkaa kwenye ukuta wangu. Mama yako akagomba, mimi nikasema waacheni."

Msomaji, nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya mto Themi mgongoni saa kumi na moja alfajiri.

Yule mwenzangu nitamwita Kipanga, maana ndiye aliyekuwa kipanga wa kweli. Tulikaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza, mwaka 2017, katika sekondari moja ya kata. Unajua jinsi mambo yanavyokuwa. Mtoto amesoma Kiswahili miaka saba, ghafla anaingia sekondari kila kitu Kiingereza. Mwalimu anasema, ubaoni panajaa, nusu ya darasa tunatazamana kama mbuzi waliofika mjini. Kipanga alikuwa anakisikiliza kile Kiingereza, anakitafuna, halafu mapumziko anatupa kwa Kiswahili cha kawaida nyuma ya darasa.

Nikupe mfano mmoja. Kwadratiki zilinitesa, nikakata tamaa. Kipanga akaniambia: "Wee Profesa," aliniita hivyo kwa sababu ya miwani yangu, "hii ni habari ya uchumba tu. Tafuta namba mbili zinazopatana. Ukizizidisha zinazaa 12, ukizijumlisha zinafika 7. Nani na nani hao?" Nikasema tatu na nne. "Basi wafungishe ndoa!" Tangu siku hiyo sikuogopa tena. Katika mtihani wa Kidato cha Pili yeye alikuwa wa kwanza, mimi wa tatu. Wa pili alikuwa mvulana mmoja ambaye naye alifundishwa na Kipanga.

Mwaka 2019 tukiwa Kidato cha Tatu, siku moja wasichana wote tuliitwa nje ya zamu yetu, tukapangwa mstari, tukapimwa. Kesho yake upande wa kushoto wa dawati langu ulikuwa mtupu. Habari zilienea kabla ya kengele ya saa nne. Mwanamume mwenyewe alikuwa dereva wa bodaboda aliyekuwa anampa lifti asichelewe namba. Sheria ya mwaka 2016 iliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, lakini yule bwana hakusubiri kusomewa. Alitimkia Mererani, wakasema, na hadi leo mtoto hamjui.

Wakati ule mjadala haukuwepo. Juni 2017 Rais wa wakati huo, John Magufuli, alikwisha kusema hadharani kwamba aliyepata mimba hatarudi shuleni. Kipanga akaondoka na madaftari yake, ila moja lilibaki ndani ya dawati. Daftari la hesabu.

Sasa nifike pale ambapo sijawahi kumwambia mtu. Mwalimu mmoja aliingia darasani akauliza: "Nani alikuwa rafiki yake wa karibu?" Darasa zima likanigeukia. Mimi nikainama chini ya dawati, nikawa kama natafuta kalamu iliyodondoka. Hakuna kalamu iliyodondoka. Nilikaa huko chini mpaka mwalimu akaendelea na mambo mengine.

Nyumbani mama akanipiga marufuku kwenda kwao. Nami, nisijidanganye, marufuku ile niliipenda. Ilinipa sababu. Daftari sikulirudisha. Muhula ule nikawa wa kwanza darasani, nikapigiwa makofi kwenye parade, nikapewa daftari kubwa na kalamu mbili. Hakuna aliyesema kwamba nimekuwa wa kwanza kwa sababu wa kwanza hayupo. Hata mimi sikusema.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya korona. Wenzangu wengi walikaa bure nyumbani. Mimi nilikuwa na lile daftari. Nilimaliza kurasa zake zote, nikarudia, nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Mwisho wa mwaka tukafanya mtihani wa Kidato cha Nne. Mwaka ule nchi nzima ni takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano aliyefaulu hesabu. Mimi nilipata B. Hiyo B ndiyo iliyonipeleka Kidato cha Tano, Kidato cha Tano kikanipeleka chuo, chuo kikanipa 4.6, na 4.6 ikaniletea karatasi yenye swali.

Ngoja, bado. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi. Nilikuwa bweni. Mwalimu alitusomea gazeti, tukashangilia, mimi nikiwa mmoja wa waliopiga meza kwa nguvu zaidi. Halafu? Halafu nikaenda kula makande. Sikumpelekea Kipanga hata salamu. Nilijua yupo wapi. Kila mtu kwetu alijua, anauza ndizi soko la Tengeru. Kwa miaka sita nikitumwa ndizi nilikuwa nainunua Kilombero kabla ya kupanda gari, naibeba mapajani kutoka mjini kuileta Meru kwenye migomba! Mama akashangaa, nikasema za Kilombero ni tamu zaidi.

Bibi alikuwa bado ananitazama. Nikamwambia: "Bibi, hii barua inauliza habari zangu, si za mtu mwingine."

Ndipo akaanza hadithi yake ya Kirilo. Sisi Wameru ukikaa na mzee, hadithi ya Kirilo haikosi. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha watu kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Nyumba zikachomwa, watu wakaondolewa na mifugo yao. Mwaka 1952 Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, akaseme kilichowapata. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kwenda kule mwaka 1955. Baba yake bibi naye alitoa mchango wake, na bibi, akiwa mtoto, alimsikia akinung'unika usiku kwa sababu fedha ile ilikuwa ya mbuzi.

Hadithi hii nimeisikia labda mara hamsini. Lakini siku ile bibi akaongeza neno ambalo sikuwahi kulisikia, au sikuwahi kulisikiliza. "Kirilo alipopanda ndege, unadhani alikwenda kusema mimi ni hodari? Alikwenda na majina ya waliochomewa nyumba. Ardhi hakurudi nayo mkononi, lakini tulimpokea, kwa sababu alikwenda na majina."

Sikulala vizuri. Asubuhi ya Jumamosi nikafungua sanduku langu la bati, nikatoa daftari, nikateremka Tengeru.

Tengeru yetu imejaa wasomi. Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia ipo pale, chuo cha ualimu cha Patandi kipo pale. Lakini Jumamosi mkuu wa mji ni soko. Akina mama wameteremka na mikungu kichwani tangu usiku, matoroli yanakukata miguu, makondakta wanaita Arusha, Usa, Arusha, Usa. Nikapita upande wa maparachichi, nikapita mitumba, nikafika upande wa ndizi. Miguu ikawa mizito.

Nilimwona kabla hajaniona. Amenenepa kidogo, kitenge kiunoni, anahesabu chane kwa macho bila kuzigusa. Pembeni yake, juu ya gunia, binti mdogo wa miaka sita hivi alikuwa anaandika kwenye daftari la darasa la kwanza.

"Karibu dada, mshale huu, mzuzu huu, kisukari hii hapa," akasema bila kuinua kichwa. Halafu akainua. Akakaa kimya kidogo. "Profesa."

"Shikamoo," nikasema. Sijui kwa nini nilimwamkia shikamoo, tunalingana umri! Akacheka. Akamwambia mwanawe: "Msalimie mama mdogo." Mtoto akanipa mkono. Mama mdogo! Miaka sita sijamletea hata pipi, naitwa mama mdogo.

Nikamkabidhi daftari. Maneno niliyokuwa nimeyapanga kutoka Akheri hadi pale yakapotea yote. Akalifungua taratibu, akawa anapitisha kidole kwenye hati yake mwenyewe kama mtu anayesoma barua ya marehemu. Akafika ukurasa mmoja akasimama.

"Hii nyekundu si hati yangu."

"Ni yangu."

"Umekosea hapa." Akanionyesha. Ilikuwa ile ile, ya namba zinazozaa 12 na kufika 7. Nilikuwa nimeandika jibu ni tatu na nne. "Hao ndio wachumba, lakini jibu la mwisho linakuja na alama ya kutoa. Kutoa tatu, kutoa nne. Umekaa na jibu hili miaka sita hujaona?"

Tukacheka mpaka mama wa jirani akauliza kuna nini. Kisha kicheko kikaisha chenyewe.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema.

"Kwa lipi? Mimba hukunipa wewe."

"Kwa daftari. Na kwa kutokuja."

Akapanga chane mbili ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. "Daftari ningeandika lingine. Kutokuja ndiko kulikoniuma." Akasema hivyo tu, bila kupandisha sauti. Halafu mteja akaja, wakavutana bei ya mkungu, mteja akaondoka, akarudi, akanunua. Nami nimesimama pale kama mlingoti. Nilijifunza siku ile kwamba ukiomba radhi sokoni lazima usubiri zamu yako.

Wateja walipopungua nikamweleza habari za jumuiya na karatasi. Nikamwambia nataka kuandika ukweli wote, kwamba yeye ndiye anayestahili, kwamba alidhulumiwa. Nilidhani atafurahi. Kumbe! Alinikata pale pale.

"Usiniandike kama marehemu, Profesa. Mimi nipo. Na usinitumie kuwaliza hao watu wako ili wakupe beji. Andika ya kwako. Ya kwangu nitaandika mwenyewe."

Ndipo akaniambia kwamba alikwisha kuulizia kituo cha elimu ya watu wazima, anataka kufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka 2021 tangazo lile lilimkuta mtoto ana miaka miwili, mama yake mgonjwa, hakuna wa kumwachia, na aliona haya kukaa darasani na wadogo zake. Sasa mtoto ameanza shule, na yeye ameamua. Ada ameanza kuweka kidogo kidogo kwenye simu.

"Nikusaidie nini?" nikauliza. "Hesabu?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Hesabu? Wewe? Na hiyo alama ya kutoa uliyoisahau? Hesabu niachie mwenyewe. Nisaidie Kiingereza na jiografia, vimenitoka."

Hivyo ndivyo tulivyokubaliana. Jumamosi, saa tisa alasiri, soko likipoa.

Jumapili jioni nilirudi mjini, nikaandika barua ya tatu. Haikufika hata maneno 200. Rumeti alisema nimejiua mwenyewe, lakini nimeituma hivyo hivyo. Niliandika kwamba maksi zangu ni za kweli, nimezifanyia kazi na sizionei aibu. Kwamba niliwahi kuwa wa kwanza kwa sababu aliyekuwa mbele yangu aliondolewa, na nilipoulizwa kama ni rafiki yangu niliinama chini ya dawati. Kwamba nilichofundishwa bure sikukirudisha kwa miaka sita, na nimeanza kukirudisha juzi tu, kwa hiyo kwenye kipengele cha kuwatumikia wengine wasiniandikie kitu bado. Kwamba kama wananihitaji mtu asiye na doa, mtu huyo si mimi. Kama wanahitaji mtu anayejua maksi zake zimetoka wapi, nipo. Kibatari nilikiondoa. Jina la Kipanga sikuliweka, wala masoko yake, wala mtoto wake.

Kamati iliniita Alhamisi. Watu watano, mezani maji ya chupa. Mhadhiri mmoja akavua miwani: "Binti, watu huja hapa kujisifu. Wewe umekuja kujishtaki. Unadhani unastahili au hustahili?"

Msomaji, hapo ndipo pangenifaa jibu zuri la kwenye filamu. Sikuwa nalo. Nilisema: "Mzee, 4.6 ninayo. Hayo mengine mtaamua nyinyi. Mimi nilikuwa siwezi kuandika kwamba nimefika peke yangu."

Mwanafunzi mmoja wa kamati, kijana mtanashati wa tai, akauliza: "Sasa jumuiya itapata faida gani kwako?" Nikamwambia kuna mtu Tengeru anahitaji kitabu cha kemia cha Kidato cha Tatu na cha Nne, kama anacho cha zamani alete. Wengine wakacheka. Yule kijana hakucheka, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Hadi leo sijui aliandika nini.

Majibu bado hayajatoka. Nikisema sijali nitakuwa naongopa, maana beji ile naitaka, na ule mstari mmoja kwenye wasifu nauhitaji kama wewe unavyouhitaji. Asikudanganye mtu kwamba ukishasema ukweli unaacha kutamani. Kila siku nikitoka maktaba napita kwenye ubao wa matangazo, nachungulia, naondoka. Nilipomweleza Kipanga akasema: "Wakikukataa njoo, kuna nafasi hapa kwenye kisukari. Ila hesabu za wateja nitapiga mimi."

Haya yote nimeandika kwa ruhusa yake. Nilimsomea neno kwa neno, akafuta mawili, akaniongezea moja. Aliniambia niseme kwamba ndizi zake ni za bei nafuu.

Sasa nikugeukie wewe msomaji, ambaye huenda leo ni meneja, au una digrii imetundikwa ukutani, au na wewe unajaza karatasi ya kueleza kwa nini unastahili. Sikwambii uichane. Ijaze, maana ulikesha kweli na bumu lako liliishia kwenye fotokopi. Ila kabla hujatia sahihi, jiulize nani alikuwa upande wa pili wa dawati lako, na leo yupo wapi. Kama una daftari lake, unajua njia ya kwao.

Mimi Jumamosi nipo Tengeru, upande wa ndizi, saa tisa alasiri. Wiki hii tunaanza kusoma ramani. Mtoto naye amesema anataka kujifunza, kwa hiyo nitakuwa na wanafunzi wawili, na mmoja wao ananizidi akili. Ukipita tusalimie, lakini ununue na mkungu.